Darasa la Jioni la Famakolojia ya Ubongo, Ngara: Mahali Ambapo Protini G Hufundishwa kwa Sababu, Si kwa Jedwali

Mfamasia anayehudumia watu dirishani jijini Nairobi hujua mambo mengi ambayo hakuwahi kuelezwa sababu zake. Anajua kwamba haloperidoli, dawa ya saikosisi, hukakamaza misuli, kwamba benzeksoli huulegeza ukakamavu huo, kwamba baklofeni hutuliza mikazo ya misuli, na kwamba mofini huleta nafuu ya maumivu pamoja na hatari ya kupooza pumzi. Aliyakariri hayo chuoni, akayafanyia mtihani, na tangu hapo anayasema kwa wateja kila siku. Darasa la jioni ninalolitathmini hapa, linalofundishwa Ngara katika ghorofa ya pili juu ya maduka ya vitabu na sare za shule, limejengwa juu ya swali moja linaloyafungua yote hayo: nyurotransmita, yaani kemikali inayopeleka ishara kati ya seli za neva, inapokigusa kipokezi chake kwenye nyuroni, kipokezi hicho huchaguaje protini G ya kushirikiana nayo, ilhali upande wa ndani wa utando kuna protini G za kila namna? Nimelimaliza darasa hilo, nimelilipia kutoka mfukoni mwangu, na ninalipendekeza kwa moyo wote, pamoja na kasoro ambazo nitazitaja bila kuzipunguza.

Mwalimu ni mhadhiri mstaafu wa famakolojia ambaye hupenda aitwe Mwalimu tu. Hufundisha kwa Kiswahili, huyaacha majina ya kemikali yalivyo, na hapokei jibu la mwanafunzi lisilo na neno "kwa sababu" ndani yake. Wanaohudhuria ni wafamasia, maafisa wa kliniki, wauguzi wa afya ya akili, wanafunzi wa udaktari na walimu wa baiolojia wa shule za sekondari. Karo ni shilingi 12,000 kwa moduli nzima, na hulipwa kwa M-Pesa kwa awamu mbili. Moduli ina sehemu tatu, yaani mifereji ya ayoni, vipokezi na protini G, kisha dawa. Nitashughulika na ya pili, kwa kuwa ndiyo inayolipatia darasa hili thamani yake. Ya kwanza inapatikana katika kitabu chochote kizuri cha fiziolojia, na ya tatu haina maana bila ya pili.

Utangulizi wake ni wa haraka na unatosha. Jenomu ya binadamu ina takriban vipokezi 800 vya aina hii inayoshirikiana na protini G, ambapo zaidi ya nusu ni vya harufu, na vyote vina umbo moja la msingi: mnyororo wa protini unaoupenya utando wa seli mara saba. Upande wa ndani hukaa protini G yenye vipande vitatu, alfa, beta na gama. Katika hali ya utulivu alfa huishikilia molekuli ndogo iitwayo GDP. Kipokezi kikiamshwa huifanya alfa iachie GDP na kuchukua ndugu yake GTP, kisha alfa hutengana na jozi ya beta na gama, na kila upande huenda kufanya kazi yake hadi alfa itakapoivunja GTP na vipande kurudiana. Jeni za alfa ni 16 tu, nazo ziko katika familia nne. Gs huamsha kimeng'enya adenilili saiklesi na kuongeza cAMP, molekuli inayobeba ishara ndani ya seli. Gi/o hukizuia kimeng'enya hicho hicho, na beta-gama yake hufanya kazi kubwa kwenye mifereji ya ayoni. Gq/11 huamsha kimeng'enya kingine, fosfolipesi C. G12/13 hugusa kiunzi cha ndani cha seli. Vipokezi ni mamia na familia ni nne, na hata hivyo kila nyuroni huitikia kwa namna inayotabirika. Mtu akilitafakari jambo hilo kwa utulivu ataona kwamba si jambo dogo hata kidogo.

Hapo ndipo darasa hili linapojitenga na mengine niliyowahi kuhudhuria. Badala ya kubandika jedwali ukutani, Mwalimu humgawia kila mwanafunzi vipande vya karatasi ngumu, na kila kipande kimeandikwa herufi tano tu, ambazo ni asidi amino tano za mwisho za mkia wa alfa fulani. Kipande cha Gs kimeandikwa QYELL, cha Gq kimeandikwa EYNLV, cha Gi2 ni DCGLF, cha Go ni GCGLY, cha Gz ni YIGLC na cha G13 ni QLMLQ. Majina yako upande wa nyuma, na wanafunzi huombwa wavipange kwa undugu kabla ya kuvigeuza. Karibu kila mtu huviweka DCGLF na GCGLY pamoja kwa kuona CGL iliyo katikati, lakini akifika kwenye YIGLC husita, akikisogeza kipande huku na huko juu ya meza. Mwalimu huacha kusita huko kuendelee kwa dakika kadhaa, wala hamwokoi mtu.

Kisha huleta sumu. Ile C iliyo ya nne kutoka mwishoni katika DCGLF na GCGLY ni asidi amino iitwayo sisteini, na ndiyo shabaha ya sumu inayotengenezwa na bakteria wa kifaduro. Sumu hiyo huibandika sisteini kipande cha kemikali kiitwacho ADP-raibosi, na alfa iliyobandikwa hivyo haiwezi tena kushikana na kipokezi chake. Gz, ingawa ni ya ukoo huo huo wa Gi/o, ina herufi I mahali hapo, na kwa hiyo sumu hupita bila kuidhuru. Mzazi yeyote wa Nairobi aliyempeleka mtoto kliniki kwa chanjo ya wiki ya sita amelisikia jina la kifaduro, lakini ni wachache waliowahi kuambiwa kwamba sumu ya maradhi hayo imewasaidia watafiti kwa miongo mingi kutambua ni vipokezi vipi vya nyuroni vinavyotumia Gi/o: nyuroni hulowekwa katika sumu, husubiriwa, kisha hupewa nyurotransmita, na ikiwa athari iliyokuwepo imetoweka, basi ilikuwa ikipitia njia hiyo. Sumu ya kipindupindu hufanya kinyume chake. Hubandika kipande hicho hicho kwenye Gs, lakini mahali pengine kabisa, ndani ya eneo linaloivunja GTP, hivyo alfa hubaki macho bila kulala, cAMP hupanda katika kuta za utumbo, na maji ya mwili humwagika. Sijawahi kuona darasa likinyamaza kwa umakini namna ile, na nadhani sababu ni kwamba maradhi tunayoyatibu kila msimu wa mvua yaligeuka, mbele ya macho yetu, kuwa somo la namna protini mbili zinavyotambuana.

Baada ya sumu huja jaribio lililochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1993, ambalo Mwalimu hulifundisha kwa upendo usiofichika. Watafiti, akiwemo Bruce Conklin na Henry Bourne, walichukua alfa ya Gq, wakaziacha sehemu zake zote kama zilivyo isipokuwa mkia, na mkiani wakabadilisha asidi amino tatu ili zifanane na za Gi2. Protini hiyo iliyochanganywa iliingizwa katika seli zilizokuzwa maabarani pamoja na vipokezi ambavyo kwa kawaida huamsha Gi, vikiwemo kipokezi cha D2 cha dopamini na kipokezi cha A1 cha adenosini. Vipokezi hivyo, ambavyo havikuwa na habari na Gq ya asili, vikaanza kuiamsha, na fosfolipesi C ikafanya kazi kwa amri ya dopamini. Asidi amino tatu zilitosha kubadilisha utii. Mwalimu hutuagiza tuchukue mkasi, tukate herufi za mwisho za EYNLV, tugundishe zile za DCGLF, kisha tueleze kwa sauti ni nini kitatokea ndani ya nyuroni iwapo dopamini itafika. Zoezi hilo linaonekana la kitoto likiandikwa, lakini mtu aliyelifanya kwa mikono yake hatasahau mkia uko wapi na kazi yake ni nini.

Somo la umbo lilikuja baadaye, na ndilo lililoathiriwa zaidi na hali ya jengo. Mwalimu alikuwa ametayarisha video ya umbo lililochapishwa mwaka 2011 na maabara ya Brian Kobilka, la kipokezi cha beta-2 cha adrenalini kikiwa kimeshikana na Gs. Mwaka uliofuata Kobilka na Robert Lefkowitz walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa kazi yao juu ya vipokezi hivi. Umeme ulipotea kabla video haijafika nusu, na jengo halina jenereta, kwa hiyo sehemu iliyobaki ilifundishwa kwa mwanga wa simu na michoro ya chaki. Maelezo yenyewe yalikuwa mazuri. Kipokezi kinapoamshwa, mhimili wake wa sita, yaani wa sita kati ya vipande saba vinavyoupenya utando, husogea kuelekea nje, kwa takriban angstromu 14 (kipimo cha ukubwa wa atomu) katika umbo hilo, na uwazi unaopatikana upande wa ndani huingiwa na mhimili wa mwisho wa alfa, ule unaobeba mkia. Mwaka 2018 yalichapishwa maumbo ya vipokezi vikiwa vimeshikana na Gi au Go, miongoni mwao kipokezi cha mu cha opioidi na kipokezi cha 5-HT1B cha serotonini, na katika hayo mhimili wa sita haukufunguka kwa upana ule. Mkia wa Gs, ulio mnene zaidi, huhitaji nafasi kubwa, ilhali wa Gi hutosheka na nafasi ndogo. Nilipenda kwamba Mwalimu hakuliacha jambo hilo likae kama kanuni isiyo na ubishi. Alisisitiza kwamba vitanzi vya ndani vya kipokezi, hasa cha pili na cha tatu, navyo hushiriki, na kwamba uchambuzi uliotoka mwaka 2017 ulionyesha kuwa vipokezi vyenye asili tofauti vinaweza kuisoma alfa moja kwa kutumia sehemu zao tofauti, ndiyo maana haiwezekani kutazama tu mpangilio wa asidi amino za kipokezi na kutamka bila shaka kitaungana na nani.

Wiki ya asetilikolini ndiyo iliyonifanya niamue kuandika tathmini hii. Vipokezi vya muskarini, ambavyo ni vipokezi vya nyurotransmita hiyo vinavyotumia protini G, ni vitano. M1, M3 na M5 huungana na Gq, huku M2 na M4 vikiungana na Gi/o. Mwalimu alianza na moyo, akatueleza jaribio la Otto Loewi la mwaka 1921, ambapo moyo wa chura ulisisimuliwa neva yake ya vagasi, majimaji yaliyouzunguka yakahamishiwa kwenye moyo wa pili, na moyo huo wa pili nao ukapunguza mapigo ingawa haukuguswa. Dutu iliyohama ilikuwa asetilikolini. Leo tunajua kwamba ilikuwa ikikishika kipokezi cha M2, kwamba M2 huamsha Gi, na kwamba kinachofungua mfereji wa potasiamu uitwao GIRK si alfa bali ni jozi ya beta na gama iliyoachiwa. Dai hilo lilipochapishwa mwaka 1987 na kundi la akina Diomedes Logothetis na David Clapham lilipingwa vikali na waliodhani kwamba beta-gama ni kibebeo tu kisicho na kazi yake, na Mwalimu alitupitisha katika hoja za pande zote mbili kwa haki, bila kuwafanya walioshindwa waonekane wajinga.

Kisha akavuka hadi kwenye gamba la ubongo, ambako asetilikolini ile ile hufanya jambo lililo kinyume. Hapo inakishika M1, ambacho huiamsha Gq, nayo huamsha fosfolipesi C, kimeng'enya kinachovunjavunja lipidi ya utando iitwayo PIP2. Lipidi hiyo ni chache sana katika utando, lakini bila yake mifereji ya potasiamu ya aina ya KCNQ haikai wazi. PIP2 ikipungua, mifereji hujifunga, potasiamu huacha kutoka, na nyuroni ambayo ingerusha ishara moja na kutulia huanza kurusha mfululizo. Mkondo huo wa potasiamu, ulioelezwa na David Brown na Paul Adams mwaka 1980 katika nyuroni za chura, uliitwa mkondo M kwa sababu ya muskarini. Kwa hiyo nyurotransmita ni moja na ayoni inayodhibitiwa ni moja, lakini kwa M2 mlango wa potasiamu hufunguliwa na seli hutulia, na kwa M1 mlango mwingine wa potasiamu hufungwa na seli huamka. Tofauti huanzia katika namna mkia wa alfa na kipokezi kinachoupokea vinavyotambuana. Nimefanya kazi na dawa zinazozuia vipokezi hivi kwa muda mrefu, na sikuwahi kuziona kwa uwazi namna hiyo.

Jioni hiyo muuguzi mmoja aliyekaa karibu nami aliuliza swali ambalo lilionyesha ubora wa darasa kuliko hotuba yoyote. "Samahani, Mwalimu," alisema, "beta-gama huachiwa na kila protini G. Ikiwa ndiyo inayofungua mfereji wa GIRK, basi adrenalini inayopitia Gs nayo ingeufungua na kupunguza mapigo ya moyo. Mbona haifanyi hivyo?" Mwalimu aliweka chaki chini. "Umeuliza vyema, dada, na sitaki kukujibu kwa haraka. Nipe hadi kipindi kijacho." Kipindi kilichofuata alikuja na kazi iliyochapishwa mwaka 2018 kutoka maabara ya Roderick MacKinnon, iliyolinganisha M2 na kipokezi cha beta-2 katika seli moja. Jibu lilikuwa katika kasi. M2 huziamsha protini Gi kwa haraka kubwa, hivyo beta-gama hujaa karibu na mfereji kuliko inavyoweza kujaa pale beta-2 inapoziamsha protini Gs kwa mwendo wake wa taratibu. Uchaguzi wa protini G, kwa hiyo, si suala la nani anaungana na nani peke yake. Ni pia suala la anaungana naye kwa kasi gani. Mwalimu anayekubali kusubiri ili ajibu sawasawa ni wa kuthaminiwa sana, na ningelipa sehemu ya karo kwa ajili ya jibu hilo pekee.

Kipindi cha GABA, nyurotransmita kuu ya kutuliza nyuroni, kilikuwa kifupi lakini kizuri. Kipokezi cha GABA-B ni cha nusu mbili, jambo lililothibitishwa mwaka 1998, na kila nusu ina kazi yake, kwani ya kwanza huishika GABA na ya pili huungana na Gi/o. Baklofeni hushikana na ile ya kwanza, na ishara hutoka kupitia ile ya pili. Serotonini ilipitwa kwa kasi zaidi, yaani 5-HT1 kwa Gi/o, 5-HT2 kwa Gq, 5-HT4, 6 na 7 kwa Gs, na 5-HT3 ambayo ni mfereji wa ayoni usiohusika na protini G. Sikuona haja ya zaidi.

Dopamini, kwa upande wake, ilipewa nafasi inayoistahili, na hapa ndipo mtu wa dirishani anapopata chakula chake. Katika striatamu, eneo la ubongo linalosimamia mwendo, nyuroni nyingi ni za makundi mawili. Kundi moja lina kipokezi cha D1, na lingine lina D2 pamoja na A2A ya adenosini. Vitabu husema kwamba D1 huungana na Gs, na ni sahihi kwa jumla, ila katika striatamu kazi hiyo hufanywa hasa na ndugu yake wa karibu aitwaye Golf, aliyegunduliwa kwanza katika nyuroni za pua. A2A nayo hutumia Golf. Mwaka 2012 iliripotiwa kwamba mabadiliko katika jeni ya GNAL, inayotengeneza alfa ya Golf, husababisha distonia, maradhi ya misuli kujipinda bila hiari. D2, iliyo katika nyuroni moja na A2A, huvutana nayo kupitia Gi/o, moja ikipandisha cAMP na nyingine ikiishusha. Haloperidoli ikiizuia D2, A2A hubaki bila mpinzani, nyuroni hizo za kuzuia mwendo hupata nguvu, na mgonjwa hukakamaa. Benzeksoli huzuia vipokezi vya muskarini, hasa M1, na hivyo hupunguza msukumo wa asetilikolini ambao nao huongezeka D2 inapozuiwa. Kafeini, ambayo huzuia A1 na A2A, ilielezwa kwa mfano wa kahawa tunayoilima wenyewe. Na istradefilini, dawa ya Parkinson inayozuia A2A, iliyoidhinishwa Japani mwaka 2013 na Marekani mwaka 2019, ilionyeshwa kuwa inafuata njia hiyo hiyo. Afisa mmoja wa kliniki aliuliza kuhusu miraa, na jibu likawa kwamba kathinoni, kemikali iliyomo ndani yake, huongeza dopamini inayoachiwa lakini haichagui kipokezi, hivyo kila kipokezi huipeleka ishara kwa protini G yake, D1 kwa Golf na D2 kwa Gi/o, kwa wakati mmoja.

Sasa niseme yasiyoridhisha. Kijitabu kinachotolewa mwishoni kina jedwali ambalo kila kipokezi kimewekewa alama moja tu chini ya familia moja ya protini G, kana kwamba Mwalimu hakuwahi kusema yote aliyoyasema. Kipokezi cha beta-2, kwa mfano, huamsha Gs na Gi pia. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Cell mwaka 2019 ulipima vipokezi 148 dhidi ya alfa 11 zilizobadilishwa mikia kwa kanuni ile ile ya jaribio la 1993, na ukaonyesha wazi kwamba vipokezi vingi huungana na zaidi ya familia moja, kwa viwango tofauti. Mwanafunzi anayebaki na kijitabu baada ya kumbukumbu za darasa kufifia atabaki na jedwali lile ambalo darasa zima lilikuwa likimwonya dhidi yake. Nilimweleza Mwalimu hivyo kwa heshima, naye alikubali kwamba panahitajika viwango badala ya alama. Natumaini toleo lijalo litakuwa navyo.

Pili, protini za RGS zilipewa muda mdogo mno. Hizi ndizo zinazoiharakisha alfa kuivunja GTP, na bila hizo mfereji wa GIRK ungejifunga kwa kuchelewa kuliko unavyojifunga katika nyuroni hai. Striatamu ina yake mahususi, RGS9-2, na baada ya saa nzima ya dopamini ilikuwa rahisi kuiunganisha. Vilevile Go, iliyo protini G nyingi kuliko zote katika ubongo, ilitajwa kama kivuli cha Gi tu. Tangu mwaka 2013 inajulikana kwamba mabadiliko katika jeni yake, GNAO1, huwaletea watoto wachanga kifafa kikali, na baadhi yao matatizo ya mwendo. Katika chumba kilichokuwa na wauguzi wanaowahudumia watoto wenye kifafa, jambo hilo halikustahili sentensi mbili. Arestini, zinazokuja kukitenganisha kipokezi na protini G, ziliachwa kabisa kwa maelezo kwamba ni somo la moduli nyingine, nami nakubaliana na uamuzi huo.

Katika sehemu ya dawa, Mwalimu aliizungumzia vizuri xanomelini, inayoamsha M1 na M4 na ambayo, ikiwa pamoja na trospiamu, iliidhinishwa Marekani mwezi Septemba 2024 kwa ajili ya skizofrenia. Trospiamu haivuki kwa urahisi kuingia kwenye ubongo, kwa hiyo huzuia athari za xanomelini nje ya ubongo na kuuachia ubongo faida yake. Dawa isiyoigusa D2 moja kwa moja lakini inatuliza saikosisi ni jambo ambalo kila mtoa huduma ya afya ya akili anapaswa kulielewa mapema, kabla halijafika kwenye rafu zake.

Kuhusu huduma kwa ujumla, chumba ni safi, viti vinatosha, na karani hutuma risiti bila kukumbushwa. Kelele za matatu kutoka barabarani huingia madirisha yakifunguliwa, na joto huingia yakifungwa. Mwenye darasa anapaswa kununua feni, na betri ya akiba kwa ajili ya projekta. Nakala za kijitabu zilikuwa hafifu kiasi kwamba katika michoro miwili herufi za mikia ya alfa hazikusomeka, na kwa darasa hili hizo ndizo herufi zisizopaswa kufifia. Nililinganisha karo hii na ya mafunzo fulani ya mtandaoni niliyowahi kuyalipia kwa zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho, ambayo yalikuwa majedwali yaliyosomwa kwa sauti, na sina shaka ni wapi fedha zangu zilitumika vyema.

Asiyekumbuka tofauti kati ya ayoni za potasiamu na kalsiamu, au asiyejua kwa nini potasiamu ikitoka seli hutulia, asiruke sehemu ya kwanza ya moduli hata kama karani atamruhusu, kwa sababu wiki ya asetilikolini itampita. Vipindi huanza saa kumi na mbili jioni na kumalizika saa mbili usiku, na viti vya mbele, ambako maandishi ya ubaoni yanaonekana vizuri, hujaa mapema. Mkasi na gundi mwanafunzi huja navyo mwenyewe.